Kisipungue

Hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala baiskeli tangu ile ya zamani ilipovunjika fremu. Hakuwa na kiti chenye mikono. Alikalia stuli ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, akauongezea kimo kwa gazeti lililokunjwa. Hakuwa na meno mawili ya mbele, jambo lililomzoeza kucheka akiwa amefumba mdomo. Hakuwa amewahi kufyatua bunduki, na nyati pekee aliyefahamiana naye ni yule wa ofisini: fuvu na pembe zilizotundikwa juu ya kabati la mafaili, ambazo mfagiaji alizigeuza kuwa mahali pa kuanikia matambara yake. Hakuwa na cheo. Na hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: hakuwa na mazoea ya kutamka neno moja ambalo hata mtoto wa chekechea hulimudu, nalo ni "nimekosa".

Alichokuwa nacho ni Kiswahili. Hakukirithi; alikichuma kwa jasho katika darasa la watu wazima, baada ya saa za kazi, magoti yakibanwa na madawati ya watoto. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa ofisi ya leseni za uwindaji, na wenzake walimwita Kamusi. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima, wapo waliomwita kwa kejeli. Yeye alizipokea zote kama sifa. Ukimlalamikia kwamba umemsubiri masaa mawili, alikuuliza kwanza hayo "masaa" umeyaokota wapi, ndipo akuulize shida yako.

Mwaka mmoja ikapitishwa sheria mpya ya silaha za uwindaji. Iliandikwa kwa lugha ya mawakili, lugha ambayo mtu huanza kuisoma akiwa na akili timamu na kuimaliza akiwa na maumivu ya kichwa. Mkuu wa idara, bwana mdogo aliyekuwa rika la kitinda mimba wake, akamwita ofisini.

"Mzee Kamusi, hii naitaka iwe kijitabu cha mfukoni, kwa Kiswahili chepesi, ili askari wa malangoni waelewe. Kikitoka vizuri, ile nafasi ya mhariri wa idara haina mwingine."

Kamusi akafumba mdomo, akacheka.

Kiini cha sheria kilikuwa kwamba mnyama mkubwa asipigwe kwa bunduki ndogo. Swala huangushwa kwa risasi nyembamba na mambo yakaisha. Lakini nyati, tembo na simba wana mifupa minene na hasira nyingi. Risasi nyembamba huwaachia jeraha bila kuwapa mauti. Mnyama aliyejeruhiwa huingia kichakani, akatulia, akamngoja aliyemjeruhi. Ndiyo sababu sheria ilidai kwamba tundu la mtutu, mnamopita risasi, liwe na upana wa milimita tisa na nusu au zaidi.

Kamusi hakuifanya kazi hii kwa kubahatisha. Alikwenda hadi kwa fundi bunduki, akaomba aonyeshwe upana huo kwa macho yake. Akachomeka kidole chake cha mwisho kwenye mdomo wa mtutu. Ncha ikaingia, kisha kidole kikakwama. Akarudi ofisini ameridhika, akaandika: "Kwa nyati, tembo na simba, kipenyo cha mtutu kisiwe chini ya milimita tisa na nusu."

Mswada ukapigwa chapa na binti wa chumba cha pili, mfanyakazi wa mkataba aliyekuwa akisubiri mwaka wa tano athibitishwe kazini. Kurasa ziliporudi kwa Kamusi ili azipitie mara ya mwisho, ile "kisiwe chini ya" ikamkera. Kipenyo kiwe chini ya nini? Chini ya meza? Siku ilikuwa inaelekea ukingoni na tarishi wa kiwanda cha kuchapa vitabu alikuwa amesimama mlangoni akitikisa funguo. Kamusi akakata maneno yale kwa wino mwekundu, akaandika mengine pembeni, akazirudisha kurasa.

Baada ya muda mfupi binti akachungulia mlangoni. "Mzee, samahani. Hapa pembeni nipige hivi hivi ulivyoandika?"

Kamusi hakuinua kichwa. "Mwanangu, mimi nikiandika nimeandika. Wewe piga."

Akapiga.

Kijitabu kikatoka, kikasambazwa katika malango yote matano. Kamusi mwenyewe akawafundisha askari matumizi yake, amesimama mbele yao kifua mbele, kijitabu kimoja mkononi na kingine mfukoni. "Msisome mnachofikiri," aliwaambia, "someni kilichoandikwa. Sheria haina 'nadhani'." Askari wakaandika maneno hayo kwenye madaftari yao, na mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wote, akayapigia mstari.

Wiki tatu za msimu zikapita. Jumatatu ya wiki ya nne mlango wa ofisi ukasukumwa na mwanamke mnene wa makamo, viatu vyake vimeganda matope, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa mwindaji aliyeongoza wageni porini kwa miaka mingi, na kila mtu, kuanzia mkuu hadi mfagiaji, alimwita Shangazi.

"Nani kaandika hiki kitabu?"

Kamusi akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alidhani amekuja kumpongeza. "Ni mimi, Shangazi. Karibu kiti."

"Kiti sitaki. Nisomee ukurasa wa tisa, pale kwenye nyati."

Kamusi akakishika kijitabu kwa mbali kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Kwa nyati, tembo na simba, kipenyo cha mtutu kisipungue milimita…"

"Ehee! Hebu ishia hapo. Askari wako wa langoni aliniambia neno moja, akasema wewe ndiye uliyewafundisha. Usisome unachofikiri, baba. Soma kilichoandikwa."

Kamusi akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Pale alipoona siku zote "kisipungue" palikuwa pameandikwa "kipungue". Silabi moja, herufi mbili, haikuwapo. Sheria iliyotaka mtutu usiwe mdogo kuliko kiwango sasa iliamuru uwe mdogo. Kitabu kilikuwa kimesimama kichwa chini miguu juu, na wiki tatu hakuna aliyekishtukia.

"Nilifika langoni na bunduki yangu kubwa," Shangazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Askari akapima mdomo, akafungua kitabu, akaniambia hii hairuhusiwi, iache hapa. Nikamwambia mwanangu, unaota? Akasema sheria haina nadhani. Kabunduki ka mgeni, ka kupigia swala, akakaruhusu kwa saluti."

"Kwa nini hamkurudi?" Kamusi akauliza.

"Hapo ndipo penye kosa langu, na nimeshaliandika kwenye taarifa ya ajali kwa mkono huu huu mbovu. Kibali cha mgeni kilikuwa kinakwisha kesho yake. Nikasema tutamwona nyati kwa mbali, basi. Yule bwana alipomwona, uchu ukampanda, akafyatua. Nyati akaingia kichakani. Hatukumfuata, tulikuwa tunarudi zetu. Yeye ndiye aliyetufuata. Mtafuta nyayo wangu amevunjika mbavu tatu na ameshonwa paja. Miaka kumi na sita nafanya naye kazi. Ananiuliza hospitali, 'Shangazi, ile bunduki kubwa uliiacha wapi?' Nimwambie niliiacha ukurasa wa tisa?"

Mkuu wa idara alikuwa ameyasikia yote kutoka mlangoni kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye simu ya upepo, akaamuru malango yote yasimamishe uwindaji wa wanyama wakubwa na vijitabu vyote virudishwe. Hatari ya porini ikazimwa ndani ya dakika kumi. Kisha akarudi, akawatazama waliokuwamo.

"Sasa nataka kujua. Hili ni la nani?"

"Mswada wangu ulikuwa safi," Kamusi akasema, na aliamini alichokisema, kama mtu anavyoamini kwamba hakoromi. "Hili ni la chumba cha chapa."

Binti akaitwa. Akasimama karibu na kabati la mafaili, mikono nyuma. "Mimi nilipiga nilichoandikiwa."

"Nilichoandika nakijua," Kamusi akajibu. "Sijaanza leo."

"Kurasa zenyewe ziko wapi?" mkuu akauliza.

"Ziliingia kwenye sanduku la karatasi za kuchomwa. Nitazitafuta," binti akajibu.

"Zitafute. Ukimaliza, rudi nyumbani. Kila mmoja wenu aniletee maelezo kwa maandishi Ijumaa asubuhi. Na binti, nikwambie ukweli: wewe una mkataba tu. Bila ushahidi, mkataba huo Ijumaa ndio mwisho wake."

Binti akachukua mkoba wake. Alipopita karibu na stuli ya Kamusi, Kamusi akajishughulisha kupanga klipu.

Jumatano alasiri binti alibisha hodi nyumbani kwa mzee. Mke wa Kamusi alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: magauni yasiyo na mikono ukutani, vipande vya bitana sakafuni, pasi ya mkaa ikipumua karibu na mlango. Akamkaribisha mgeni, akamwondolea mafurushi ya nguo kitini. Binti akakaa, akafungua bahasha, akaikunjua karatasi moja iliyokunjamana na kuiweka juu ya meza ya kukatia.

Haikuhitaji maelezo. Wino ulikuwa mwekundu, na ofisi nzima wino huo ulikuwa na mwenyewe mmoja. Herufi ya "k" ilikuwa na ule mkia wa madaha ambao mwalimu wa darasa la watu wazima aliwahi kuusifu. Pembeni mwa ukurasa wa tisa paliandikwa, waziwazi, "kipungue".

Hapo hapo Kamusi akaisikia upya sauti kutoka mlangoni, nipige hivi hivi, na jibu lake mwenyewe alilolitoa bila kuinua kichwa.

"Uliniuliza," akasema.

"Nilikuuliza, mzee."

"Kwa nini hukuipeleka kwa mkuu?"

"Nikiipeleka mimi watasema nimeichora mwenyewe. Mwandiko wako una mwenyewe." Akafunga mkoba. "Na jambo jingine. Mimi kazi hii nimejifunzia kwako. Sikutaka uambiwe mbele za watu kabla hujaiona peke yako. Nakuachia. Maelezo yangu nitayapeleka Ijumaa, nitasema nilichokiona. Utakachosema wewe, ni wewe na roho yako."

Akaaga, akaondoka. Karatasi ikabaki mezani, katikati ya chaki na mkasi.

Kamusi alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ile pasi ya mkaa ilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Kifuniko chake kilikuwa wazi, na makaa yalikuwa mekundu. Karatasi huungua upesi. Baada ya hapo lingebaki neno la mzee wa miaka thelathini na mmoja kazini dhidi ya neno la binti wa mkataba, na hakuna mizani duniani ambayo ingemchagua binti. Nafasi ya uhariri ingekuja. Kiti chenye mikono kingekuja. Mkono wake ukaishika karatasi, na ni kweli kwamba kwa muda fulani, mfupi lakini upo, haukujua unakwenda wapi.

Mkewe hakugeuka kutoka kwenye cherehani. "Baba, hilo gauni la kijani pale ukutani unaliona?"

"Naliona."

"Nimeshona bega la kulia upande wa kushoto. Leo hii. Miaka yote hii nashona."

"Utafanyaje?"

"Nitafumua. Nifanyeje tena? Nimwambie mwenyewe akakate mkono wake auhamishe?"

Kamusi alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimponyoka, mapengo yake yakaonekana. Akaiweka karatasi ndani ya daftari lake, mbali na makaa.

Kesho yake alirudi mapema kutoka kazini, akakaa kwenye meza ile ile kuandika maelezo. Hapo ndipo alipogundua kwamba kukubali kosa moyoni ni nusu ya safari, na ile nusu ya kulitamka ndiyo yenye mlima. Akaandika mstari wa kwanza, akausoma kwa sauti: "Napenda kukujulisha kwamba kosa limetokea katika ukurasa wa tisa."

"Limetokea wapi?" mkewe akauliza, sindano mdomoni. "Limekuja na basi?"

Akakata. Akaandika tena: "Silabi moja ilidondoka wakati wa kurekebisha mswada."

"Ilidondoka yenyewe? Kumbe silabi zina miguu! Na wakati inadondoka wewe ulikuwa wapi, baba, chooni?"

"Mama, niache niandike."

"Andika. Nakuzuia?"

Akakitazama kile kitenzi alichokiandika. Maisha yake yote alikuwa mjuzi wa vitenzi. Alijua kwamba Kiswahili humpa mtu njia mia za kueleza kwamba gilasi imevunjika bila kumtaja aliyeivunja: limetokea, imedondoka, ilisahaulika, palitokea. Njia zote hizo alizijua, na sasa aliona amekuwa akizitumia kama mtu anayejificha nyuma ya pazia huku miguu yake ikionekana. Sheria ilikuwa imepinduka kwa kukosa silabi moja. Maelezo yake nayo yalikosa silabi moja, na hakuna mpiga chapa wa kumsingizia hii. Akainama, akaandika polepole, bila madaha kwenye herufi:

"Niliidondosha mimi."

Mistari iliyofuata ilikuja kwa uzito, lakini ilikuja. Aliandika kwamba mpiga chapa alimuuliza, naye hakumtazama. Aliandika kwamba alimwangushia jumba bovu mbele ya watu, akaomba barua hiyo isomwe mbele ya watu wale wale, na mkataba wa binti usiguswe kwa kosa lisilo lake. Aliandika kwamba alikuwa amewafundisha askari kutotumia fikra zao, na kwamba askari wa langoni asiadhibiwe kwa kumtii mwalimu mbaya. Aliomba kuanzia sasa kila ukurasa wa sheria usomwe na watu wawili kabla ya kuchapwa, hata ukiwa umeandikwa na yeye, na zaidi ukiwa umeandikwa na yeye. Kuhusu nafasi ya uhariri hakuandika chochote; aliona haifai mtu kuzungumzia chakula wakati anaomba radhi kwa kuvunja sahani. Akaandika na barua ya pili, fupi, kwa mtafuta nyayo aliyelala hospitali. Ile hakuisoma kwa sauti.

Ijumaa asubuhi alimkuta binti kwenye ngazi za ofisi, bahasha yake mkononi, akingoja saa mbili ifike.

"Kabla hatujaingia," Kamusi akasema, "nisomee hii. Kama msomaji wa pili."

Binti akapokea, akasoma akiwa amesimama. Akafika katikati, akarudi juu, akasoma tena. Macho yake yalilowa lakini sauti yake ilikuwa kavu ya kikazi. "Mzee, kuna kosa."

"Wapi?"

"Tarehe. Umeandika ya jana."

Kamusi akatoa kalamu mfukoni, akamkabidhi. "Sahihisha."

"Mimi?"

"Wewe. Na tia saini yako ndogo pembeni, ijulikane nani kaliona."

Akasahihisha, juu ya goti lake, kwa uangalifu. "Na maelezo yangu mimi nayapeleka vile vile," akasema akimrudishia kalamu. "Yana habari za nilivyokuuliza na nilivyojibiwa. Sikuyapunguza."

"Usiyapunguze," Kamusi akasema.

Tarishi alikuwa anapita na kapu lake la barua za ndani na za posta. Kamusi akamwomba angoje. Akaikunja barua mara tatu, akaweka ndani yake ule ukurasa wa wino mwekundu, akaitia kwenye bahasha. Akalamba gundi, akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akakipitia tena kuhakikisha kimeshika. Akafanya vivyo hivyo na ile ya hospitali. Kisha akazitia zote mbili kapuni kwa mkono wake mwenyewe, na tarishi akapanda ngazi nazo.

Asiye muungwana akivuliwa nguo hukimbilia kumvua mwenzake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.